Mzee Alitaka Majina Yasomwe Kwanza

Kamati ya kumheshimu Mzee ilianza na ngao. Ndivyo kamati za Nairobi zinavyoanza. Kabla hatujakubaliana siku, mwenyekiti tayari alikuwa na bei ya ngao ya mbao na kioo kutoka kwa fundi wa River Road, mweka hazina alishauliza mgeni wa heshima atakuwa nani, na mama mmoja aliyewahi kuimba kwaya moja na Mzee alikuwa ameahidi shuka na kofia. Kitu ambacho hakikuwa kimetajwa ni muziki. Nilipouliza usiku huo tutapiga nini, mtu akajibu kwamba tutacheza CD. CD ipi? Mzee ametunga muziki wa filamu na vipindi vya televisheni kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuna hata mmoja wetu pale mezani aliyekuwa na dakika moja ya kazi yake, kwenye simu wala kwenye kabati.

Ameniomba nisimtaje jina mpaka mazungumzo ya haki za kanda zake yaishe, kwa hiyo nitamwita Mzee, kama tunavyomwita sote. Ukiwa ulikulia Kenya kabla ya 1990, wakati televisheni nchini ilikuwa moja tu, umewahi kumsikia. Yuko chini ya sauti ya msimulizi kwenye filamu za kilimo na za chanjo, zile ambazo gari la sinema lilikuja nazo sokoni jioni, watu wakakaa chini mbele ya kitambaa cheupe. Hukumjua, kwa sababu jina lake halikuandikwa. Mwishoni mwa filamu palikuwa na jina la idara, jina la mpiga picha, na siku nyingine jina la dereva. Dereva simwonei wivu, alistahili, barabara zilikuwa mbaya. Lakini mtunzi wa muziki?

Mimi hupata riziki kwa kuweka muziki kwenye tamthilia za televisheni. Mtayarishaji hunitumia kipindi Jumatatu na anakitaka Jumatano, na kwenye picha ameshabandika muziki aliouokota mtandaoni ili nijue anachotaka. Mzee akiniona nalalamikia jambo hilo hunisimulia habari za Alex North. Huyo Mmarekani aliagizwa atunge muziki wa 2001: A Space Odyssey, filamu iliyotoka 1968. Akatunga, akarekodi na okestra nzima, kisha mwongozaji Stanley Kubrick akaamua kubaki na muziki wa watunzi wengine aliokuwa ameubandika wakati wa kuhariri. North aliteuliwa kuwania Oscar mara 15 na hakushinda hata mara moja. Mwaka 1986 akapewa Oscar ya heshima, mtunzi wa kwanza kuipata.

"Mara kumi na tano!" Mzee husema. "Mimi hata fomu sijawahi kuletewa."

Anazifuata habari hizi kwa makini, hasa za wazee wenzake. Akiwa kijana alizitazama filamu za kauboi za Waitaliano kwenye majumba ya sinema ya katikati ya mji, Odeon na Cameo, na ndiko alikomsikia Ennio Morricone kwa mara ya kwanza. Alilipia kiti cha bei ya chini kule mbele kabisa, shingo ikauma, akarudi tena siku iliyofuata ili asikilize akiwa amefumba macho. Morricone alizaliwa Roma 1928, akasomea tarumbeta, na alipofariki Julai 2020 alikuwa ametunga muziki wa filamu na vipindi zaidi ya 400. Alipewa Oscar ya heshima 2007. Clint Eastwood ndiye aliyemkabidhi, kisha akasimama pale pale kutafsiri hotuba ya mzee huyo aliyeongea Kiitaliano mwanzo hadi mwisho. Wengi walidhani hadithi imeishia hapo, maana tuzo ya heshima mara nyingi ni njia ya adabu ya kumwambia mtu akapumzike. Morricone hakupumzika. Mwaka 2016, akiwa na miaka 87, alishinda Oscar ya kushindania kwa muziki wa The Hateful Eight. Mzee ana picha ya usiku huo kwenye simu yake na humwonyesha kila anayemuuliza kama amestaafu.

Kinachomkera ni kitu kingine. Watu wengi hapa mjini wanaweza kuupiga ule mluzi wa filamu za kauboi, hata makanga wa matatu huupiga. Sasa waulize aliyeupiga mluzi wenyewe ni nani. Ni Alessandro Alessandroni, mpiga gitaa, rafiki wa Morricone tangu utotoni. Mluzi ule umezunguka dunia nzima, na jina lake limebaki kwa wachache wanaosoma maandishi madogo nyuma ya santuri. Mzee analitamka jina hilo lote, herufi kwa herufi, kwa lafudhi ya mtaa wa Jericho. Wakati huo sikuelewa kwa nini alilishikilia hivyo.

Tulipokwenda kwake na mwenyekiti kumpa habari za ngao, alitusikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akamwita binti yake alete chai. Kisha akauliza swali moja: "Mtapiga nini?" Mwenyekiti akanitazama. Mzee akainama, akavuta katoni la sabuni kutoka chini ya kitanda.

Ndani mlikuwa na rili za kanda za robo inchi, kaseti chache zisizo na maandishi, karatasi zilizofungwa kwa mpira uliokauka, na mikebe miwili ya bati. Tulipofungua mkebe wa kwanza, harufu ya siki ikajaa sebule, binti yake akarudi kuuliza kama kuna kilichomwagika. Hakikumwagika kitu. Ule ulikuwa utepe wa sumaku wa milimita 16, ule uliokuwa ukizungushwa sambamba na picha. Utepe wa zamani wa asetati, aina ya plastiki, ukikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza na kutoa asidi ile ile ya siki, na vumbi la chuma lililopakwa juu yake kushika sauti huharakisha uozo huo. Utepe husinyaa, matundu ya pembeni hayalingani tena na meno ya mashine. Dawa hakuna. Ubaridi na ukavu huchelewesha tu, na chini ya kitanda cha nyumba ya mabati hakuna ubaridi. Mzee aliukunjua kidogo, ukakatika mkononi mwake. Akasema ilikuwa selo mbili na mama mmoja akiimba bila maneno. Akafunga mkebe.

Za robo inchi zilitupa matumaini. Tulizipeleka kwa fundi mmoja wa Ngara ambaye bado ana mashine ya rili inayozunguka. Jambo la kwanza alilolifanya fundi huyo lilinipendeza: hakuiweka kanda kwenye mashine. Aliinua rili moja moja hadi kwenye balbu na kuchungulia. Rili ya asetati hupitisha mwanga, inaonekana ya rangi ya chai. Ya poliesta haipitishi, ni giza tupu. Akazitenga mafungu mawili. Za poliesta ndizo zilizokuwa zinanata, kwa sababu gundi inayoshika chembe za sumaku hunyonya unyevu kwa miaka mingi, na ukiicheza hivyo inabanduka na kubaki kwenye vichwa vya mashine, pamoja na muziki wako. Tiba yake ni kuikausha kwa joto dogo, nyuzi hamsini na kitu, kwa saa nyingi, kisha kuicheza mara moja na kuirekodi kwenye kompyuta kabla haijanata tena. Za asetati ukizikausha hivyo umeziua. Kwa hiyo ule uchunguzi wa kwenye balbu si mbwembwe.

Kabla ya noti ya kwanza kwenye kanda ile, kuna sauti ya kijana ikihesabu moja, mbili, tatu. Mzee hakuonyesha hisia zozote kusikia ujana wake. Alisema, "Mashine yenu imechoka. Hiyo chivoti iko chini." Fundi akapima, na kweli, mashine ilikuwa inazunguka pole kidogo kuliko inavyotakiwa. Miaka arobaini imepita, na sikio la mtu lilikumbuka filimbi moja ya Kimijikenda ilikuwa juu kiasi gani.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Karatasi za noti hazikuwepo, kwa sababu baada ya kurekodi ziligeuzwa na kutumika upande wa pili. Ilinibidi nisikilize na kuandika upya, chombo kwa chombo: chivoti, orutu (fidla ya Kijaluo ya uzi mmoja), fidla, besi na kayamba. Watu watano. Bajeti ya filamu zile haikuruhusu wa sita, na Mzee anasema hakumhitaji.

Nataka nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko popote. Filamu ya sinema hupita fremu 24, yaani picha moja moja, kwa sekunde, lakini televisheni yetu ilikuwa ya fremu 25. Ukiandika muziki wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo linachukua nusu sekunde. Kwenye sinema hizo ni fremu 12 kamili. Kwenye televisheni ni fremu 12 na nusu, na nusu ya fremu haipo. Siku hizi kompyuta hukusawazishia, huhitaji hata kujua. Mzee alikuwa na stopuwachi, penseli, na orodha aliyoandikiwa na mhariri wa picha, kwa hiyo alichagua mapigo yanayogawanyika vizuri: 60 kwa dakika, kila pigo fremu 25, au 125 kwa dakika, kila pigo fremu 12. Karibu kila kipande nilichokiandika kilianguka kwenye mojawapo ya hizo mbili. Nilipogundua hivyo nikaacha kutumia kipimo cha kompyuta na kuanza kuhesabu kwa mguu.

Kipande cha kwanza ni cha filamu ya mafunzo kuhusu mpunga. Mapigo 60. Baa nne, kila moja ya mapigo manne, zinakwenda vizuri, orutu na fidla zikijibizana, kisha kwenye pigo la 17 kila kitu kinakatika. Sekunde nzima ya kimya. Halafu besi inaingia peke yake. Fundi alidhani kanda imekatwa hapo, akairudisha kutafuta kiungo. Hakukuwa na kiungo. Mzee akaeleza kwamba katika sekunde hiyo mkulima anainua mlango wa mfereji.

"Maji yanakuja, mwanangu. Mwache mtu ayasikie. Ukipiga juu yake utakuwa umeyafunika kwa sababu tu umelipwa kupiga."

Nimesikia wasomi wakizungumzia kimya katika muziki wa filamu kwa muda mrefu kuliko filamu zenyewe. Ule mwanzo wa Once Upon a Time in the West wa 1968, dakika kadhaa za watu watatu wakisubiri gari moshi, hauna muziki. Una kinu cha upepo kinacholia, tone la maji, na nzi. Mtunzi wa filamu hiyo ni yule yule Morricone, ambaye mwongozaji wake, Sergio Leone, alikuwa akicheza muziki wake kwenye eneo la kupigia picha ili waigizaji watembee nao. Yaani alikuwa mtu mwenye mamlaka ya kujaza kila sekunde, akaacha. Na John Williams alipoweka noti mbili tu chini ya papa wa Jaws mwaka 1975, zilifanya kazi ya papa mwenyewe, kwa sababu yule wa mashine alikuwa akiharibika majini kila mara na hakuweza kuonyeshwa sana. Kazi hii ina unyenyekevu wa ajabu. Mtunzi wa nyimbo anataka umsikilize. Huyu anataka umtazame mkulima.

Pengine ndiyo sababu tunachelewa kuwaheshimu. Mtu akiifanya kazi yake sawasawa, unatoka ukumbini ukisema filamu ilikuwa nzuri. Williams aliyezaliwa 1932 ameteuliwa kuwania Oscar mara 54, idadi ambayo hakuna mtu mwingine aliye hai ameifikia, lakini taasisi ya filamu ya Marekani ilipompa tuzo yake ya kazi ya maisha mwaka 2016, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumpa mtunzi wa muziki. Tangu 1973 ilikuwa ikiwapa waigizaji na waongozaji. Lalo Schifrin wa Argentina, aliyetunga ule muziki wa Mission: Impossible wenye mapigo matano kwa baa, alipata Oscar ya heshima 2018, akiwa na miaka 86. Bernard Herrmann hakusubiri hata hivyo: alimaliza kurekodi muziki wa Taxi Driver, na usiku huo huo wa kuamkia tarehe 24 Desemba 1975 akafariki.

Kwetu kuna jambo la ziada, na nalisema bila chuki. Sauti ambayo dunia inaihusisha na Kenya kwenye sinema imetungwa na Mwingereza. John Barry, mzaliwa wa York, mtoto wa mwenye majumba ya sinema, alipata Oscar mbili kwa Born Free ya 1966, na nyingine kwa Out of Africa ya 1985. Zote mbili zilipigwa picha nchini. Ni muziki mzuri, Mzee mwenyewe hukaa kimya ukipigwa, na zile fidla nyingi juu ya vilima vya Ngong zinamgusa hata mtu aliyezoea kuiona Ngong kupitia dirisha la matatu. Lakini ndani ya Out of Africa alikuwamo kijana Mkenya kama mwigizaji, Job Seda. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ayub Ogada, mpiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Wajaluo. Ikapita miaka ishirini mpaka filamu nyingine ya kimataifa iliyopigwa picha Nairobi, The Constant Gardener ya 2005, ilipotumia wimbo wake Kothbiro. Yaani kwenye filamu ile ya kwanza tulikuwa na mpiga nyatiti mbele ya kamera, na nyatiti ikabaki nyumbani. Ogada alifariki Februari 2019.

Nirudi kwenye katoni. Kipande cha pili kina mapigo 125, ni cha watu wakipanda mpunga, na chivoti inakaa kimya baa nane nzima kabla ya kuingia. Mwenzetu aliyeandaa kitini cha programu alikuwa ameandika aya nzuri sana kuhusu jambo hilo: subira ya mkulima, pumzi ya ardhi, mambo kama hayo. Mzee alisomewa aya hiyo akacheka mpaka akakohoa. Siku ya kurekodi, mpiga chivoti alikwama kwenye foleni Jogoo Road. Studio ilikuwa imelipiwa kwa saa. Kipande cha kwanza karibu wakirekodi bila yeye. Alipofika alikuwa amekimbia kutoka steji, anahema, koti bado mwilini. Kwa hiyo kwenye kipande cha pili Mzee akamwandikia mapumziko ya baa nane. Mapigo 125, baa nane za mapigo manne, hizo ni sekunde kumi na tano na kidogo. "Nilimpigia hesabu ya pumzi," akasema.

Ile aya ikatolewa kwenye kitini. Nami nikaweka daftari pembeni na kuanza kumuuliza kuhusu watu, maana nilikuwa nimekazania noti tu.

Wanne kati ya watano aliwakumbuka kwa majina kamili na mahali walipokuwa wakiishi. Wa kayamba hakumkumbuka. Alikumbuka mikono yake, kwamba alikuwa mrefu, kwamba alikuwa akifanya kazi reli, lakini jina likakataa. Lilimsumbua vibaya. Alinipigia simu usiku kunipa jina, asubuhi akalikanusha. Tulimtafuta kupitia kanisani, kupitia karani mmoja mstaafu, hakuna. Tulikuja kulipata mahali pasipotarajiwa: kwenye zile karatasi za mpira uliokauka. Ilikuwa vocha ya malipo. Majina matano, kiasi cha fedha mbele ya kila jina, na saini tano, moja ikiwa ya dole gumba. Mtu wa uhasibu, ambaye huenda hakuwahi hata kuitazama filamu hiyo, ndiye aliyewahifadhi.

Tangu siku hiyo nimekuwa msumbufu kazini. Kila kipindi ninachokifanyia kazi nakijazia karatasi inayoorodhesha kila kipande cha muziki kilichotumika: kimeanza dakika ya ngapi, kimedumu sekunde ngapi, kimetungwa na nani, kimepigwa na nani. Bila karatasi hiyo chama cha kukusanya mirabaha hakina cha kugawa, kwa sababu hakijui nani apewe. Watayarishaji wengi huniambia hakuna anayeisoma. Sawa, lakini vocha ile nayo hakuna aliyeisoma kwa miaka arobaini.

Na sheria hapa inahitaji kueleweka vizuri kuliko tunavyoieleza kwenye mazungumzo ya hasira. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi uliyoagizwa kuifanya, au uliyoifanya ukiwa mwajiriwa, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa ya aliyekuagiza au mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wazee wengi walifanya kazi kwa mtindo huo na hawakukubaliana chochote. Kwa hiyo kuwaambia kwamba "waliibiwa" wakati mwingine ni kuwapa matumaini ya fedha zisizokuwepo. Lakini haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyetunga ni jambo jingine, inabaki kwako hata kama hakimiliki imekwenda. Hiyo haigharimu kitu. Ni mstari mmoja wa maandishi.

Usiku wenyewe ulifika. Ukumbi mdogo, viti vya plastiki vya ziada pembeni, mgeni wa heshima amechelewa kama kawaida. Tulikuwa tumepata vijana watano, wawili kati yao wakiwa wamejifunzia muziki Korogocho kwenye mradi wa Ghetto Classics. Picha za filamu hatukuwa nazo, zimepotea, tulikuwa na sauti tu. Mzee ndiye aliyependekeza tuweke saa kwenye skrini, tarakimu kubwa nyeupe zikihesabu sekunde, ili watu wajue vijana wanapiga kwa kufuata kitu. Ilifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Watu walitazama saa kama wanavyotazama penalti.

Kwenye pigo la 17 muziki ulikatika, na bwana mmoja safu ya mbele akapiga makofi akidhani umeisha. Mzee akainua mkono bila kugeuka. Besi ikaingia.

Hotuba zilikuwa ndefu. Itifaki ilizingatiwa, kisha ikazingatiwa tena. Mshereheshaji akamwita Mzee aje kupokea ngao, sote tukasimama, Mzee akabaki amekaa. Mwenyekiti akadhani magoti, akaenda kumsaidia. Mzee akamnong'oneza, mwenyekiti akarudi kwenye kipaza sauti akiwa na vocha mkononi, ile ya saini tano, na kuisoma: majina, vyombo, na kiasi walicholipwa. Mzee alikuwa amesisitiza kiasi kisomwe pia. Watu walicheka kwenye shilingi, na kicheko kikaisha haraka. Jina la mpiga orutu lilipotajwa, kigelegele kikatoka mlangoni. Binti wa mpiga orutu huyo alikuwa amekuja na watoto wawili, hakuna aliyejua kwamba yumo. Wawili wa wale watano wameshafariki. Kwa yule wa kayamba hakuna aliyeitikia.

Ndipo Mzee akainuka, akachukua ngao, akaitazama nyuma na mbele kuona kama jina lake limeandikwa sawa. Lilikuwa limeandikwa sawa. Mgeni wa heshima alitaka aseme neno, akasema ameshasema, limesomwa.

Kuna jambo moja nimeliacha. Wakati wa mazoezi, Mzee alimsikiliza yule kijana wa chivoti akikaa kimya baa nane kwenye kipande cha pili, akamuuliza: "Wewe umekuja na nini?" Kijana akajibu amekuja na bodaboda, amefika mapema. "Basi huna sababu ya kupumzika," Mzee akasema, akaomba penseli. Usiku ule chivoti iliingia baa ya kwanza kabisa, na noti zake zilikuwa mpya, hazikuwahi kusikika popote.

Wiki iliyofuata mweka hazina alinipigia simu akiwa amekasirika. Ameletewa ankara. Imeandikwa kwa mkono, safi, ina tarehe: kutunga sauti ya chivoti, kipande cha pili, baa ya kwanza hadi ya nane, shilingi 4,500. Alitaka kujua ni mtu gani huyu, tumemheshimu, tumempa ngao na shuka, tumemlisha pilau, naye anatutoza. Nikamwambia amlipe kwa M-Pesa na ahifadhi ankara hiyo mahali pakavu. Akalipa, akinung'unika. Jioni Mzee akatuma risiti kwa mkono wa binti yake, na chini ya saini akaongeza kwamba kwenye fungu la fundi bado kuna rili mbili za poliesta hazijachezwa, anazikumbuka vizuri, na safari hii tupatane bei kwanza.